Themanini ya adabu: uchambuzi wa kisa cha kupima ubora wa maisha kwa mgonjwa wa neva za miguu

Usuli

Kisa hiki ni cha kliniki ya kisukari ya hospitali moja ya wilaya, pwani ya Tanzania. Jina, umri kamili na mengine yote yanayoweza kumtambulisha mgonjwa nimeyaondoa au kuyabadili, naye mwenyewe aliridhia kisa chake kitumike kufundishia. Nitamwita Bi. M.

Bi. M. ni fundi cherehani, umri wake hamsini na ushei. Kisukari aligunduliwa nacho miaka 11 kabla ya siku tuliyoonana, na muda wote huo alikuwa akimeza metfomini, dawa ya kushusha sukari, ingawa kuna miezi dawa zilikuwa zinakatika. Miguu ilianza kumsumbua kwa vidole, taratibu ikapanda hadi vifundoni. Ndivyo ilivyo kawaida ya ugonjwa huu. Neva ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazoshuka hadi nyayoni, na sukari iliyozidi kwa miaka mingi huanza kuziharibu hizo, ndiyo maana ganzi hupanda mguuni kwa umbo la soksi. Tuna dawa za kupunguza moto na vichomi, lakini hatuna dawa ya kuiotesha upya neva iliyokwisha kufa.

Kwa ugonjwa wa namna hii, kuuliza "amepona?" hakusaidii. Tunachohitaji kujua ni anaishije nao. Shirika la Afya Duniani linaueleza ubora wa maisha kuwa ni jinsi mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, ndani ya utamaduni na maadili anamoishi, akilinganisha na malengo yake, matarajio yake na mambo yanayomgusa. Nimelirudia neno "mwenyewe" mara nyingi kichwani tangu kisa hiki kitokee.

Kliniki yetu ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kutumia dodoso la EQ-5D-5L. Linauliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kila jambo lina ngazi tano, kuanzia 1 kwa asiye na shida hadi 5 kwa aliyezidiwa kabisa. Mwishoni kuna mstari wa 0 hadi 100, mgonjwa anaonyesha afya yake ya leo iko wapi. Tulilichagua kwa ufupi wake. Dodoso jingine, SF-36, ambalo tafsiri yake ya Kiswahili ilijaribiwa Dar es Salaam na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1999, lina maswali 36. WHOQOL-BREF, la Shirika la Afya Duniani, lina 26. Asubuhi yenye wagonjwa zaidi ya hamsini na wauguzi wawili, hatukuona wapi pa kuyaingiza maswali yote hayo.

Jambo jingine la kulijua kabla sijaendelea: tulikuwa na kifaa kimoja tu cha kupimia hisia za miguu, yaani ule uzi wa nailoni unaopinda ukishasukumwa kwa nguvu ya gramu 10, na mtu mmoja aliyefundishwa kuutumia. Kwa hiyo niliweka utaratibu. Mgonjwa mwenye ngazi ya 3 au zaidi kwenye jambo lolote, au aliyejipa chini ya 60 kwenye mstari, apimwe miguu siku hiyo hiyo. Wengine wasubiri zamu. Utaratibu huo niliuandika mimi, kwa mkono wangu, na niliuona wa haki.

Siku ya kwanza

Dodoso lilisomwa na muuguzi kijana kwenye meza ya kupimia presha. Nyuma ya Bi. M. kulikuwa na foleni, na ubavuni mwake alisimama binti yake. Mimi nilikuwa meza ya pili, nasikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Njema, tunamshukuru Mungu."

"Kutembea kunakupa shida?"

"Kidogo tu."

"Kuoga, kuvaa?"

"Naoga mwenyewe, navaa mwenyewe."

"Na shughuli zako?"

"Naendelea nazo, pole pole."

"Maumivu?"

"Ah, ya kawaida."

"Niandike kidogo?"

"Andika kidogo, mwanangu."

Alipofika kwenye huzuni, Bi. M. alimtazama binti yake, akacheka. "Mtu na Mungu wake, huzuni ya nini?" Akaonyeshwa mstari, akaweka kidole kwenye 80.

Fomu ikasomeka 2-1-2-2-1, na 80. Sukari yake kabla ya kula ilikuwa 13.4 mmol/L. Tukarekebisha dozi, tukazungumza juu ya chakula, tukampa tarehe ya miezi mitatu. Viatu hakuvuliwa.

Wiki ya saba

Alirudi kabla ya tarehe yake, ameegemea bega la binti, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa. Nyumbani kwake nguo hupigwa pasi ya mkaa. Kaa lilidondoka sakafuni, akalikanyaga, akaendelea kupiga pasi. "Nilisikia harufu," alituambia, "nikajua nimeunguza nguo ya mtu. Nikainua pasi, naangalia kitambaa, kizima." Binti ndiye aliyeona moshi chini ya unyayo.

Tulisafisha kidonda, kisha miguu yote miwili ikapimwa vizuri kwa mara ya kwanza. Mapigo ya damu kwenye vifundo yalikuwepo, hilo lilitupa moyo. Uzi wa nailoni niliugusisha sehemu nne za kila mguu. Wa kulia alihisi sehemu moja tu. Wa kushoto hakuhisi hata mara moja. Alikuwa amefumba macho akisubiri nianze, nami nilikuwa nimeshamaliza. Kwenye DN4, dodoso la vipengele 10 la kutambua maumivu ya neva ambapo 4 tayari ni ishara, alipata 7.

Nikaichukua fomu yake ya kwanza nikaisoma tena pale pale. Maumivu: kidogo. Shughuli: shida kidogo. Themanini.

Tulivyopima upya, na kwa nini

Kurudia dodoso lile lile kwenye meza ile ile kungetupa majibu yale yale. Tukabadilisha mambo manne.

Tulihamia chumba cha kufungia vidonda, penye mlango. Binti tulimwomba akae nje, mama akaridhia kwa haraka iliyonishangaza. Aliyeuliza safari hii alikuwa muuguzi mtu mzima, wa rika la Bi. M., tena waliketi benchi moja badala ya kutazamana kwenye meza. Na nilimwomba muuguzi asishike kalamu mpaka salamu ziishe zenyewe, halafu aanze na jana: jana usiku uliamka mara ngapi, jana ulishona nini.

Yaliyotoka humo hayakuwa na nafasi kwenye fomu yetu.

Usiku, kanga ikigusa nyayo ni kama imepakwa pilipili. Hulala miguu iko nje ya shuka, na moto ukizidi hutoka kwenda kusimama kwenye saruji ya uwani mpaka alfajiri. Jana yake alitoka mara nne. Cherehani hakuwa ameigusa kwa miezi mitano. Yake ni ya miguu, na fundi hulijua kanyagio kwa unyayo, hahitaji kulitazama. Wake ulikuwa haujui tena kama kanyagio liko juu au chini. Akiinama kulitazama, mshono unapinda. Asipotazama, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Magauni mawili ya wateja aliyarudisha akisema anasafiri. Zile "shughuli naendelea nazo" zilikuwa kukata vitambaa na kuwapigia pasi mafundi wengine.

Jambo la tatu alilisema kwa sauti ya chini kuliko mengine: kukaa tahiyatu. Vidole vya mguu wa kulia vikikunjwa chini kwenye mswala, vichomi hupanda hadi kwenye goti, na hupoteza maneno ya sala.

"Sasa mbona siku ile ulisema maumivu kidogo?" muuguzi alimuuliza.

"Kwani haya ndiyo maumivu? Maumivu ni ya kidonda, ya tumbo, ya kichwa. Huu ni moto. Na ganzi. Na kama sisimizi wanatembea."

Halafu akasema ambalo lilikuwa chini ya yote. Jirani yake alikatwa mguu kwa kisukari. Aliamini kwamba mguu ukiandikwa mbaya kwenye faili, safari ya kwenda kukatwa imeanza. Na mbele ya binti asingesema neno, maana binti angeacha kazi yake ya mjini aje kumuuguza.

Siku hiyo EQ-5D-5L ilitoka 3-1-4-4-3, na mstarini akaweka 45. PHQ-9, dodoso la sonona lenye alama 0 hadi 27, lilimpa 11. Kisha tukatumia njia nyingine, ile ambayo mgonjwa hutaja shughuli zake mwenyewe anazozikosa na kuzipa alama, 0 akiwa hawezi kabisa, 10 akiwa anaweza kama zamani. Cherehani aliipa 1. Kulala usiku kucha, 2. Kukaa tahiyatu, 3.

Uamuzi wa matibabu

Kidonda kilisafishwa kwa ratiba, na alikatazwa kuukanyagia mguu huo. Ndala ziliachwa, maana zilikuwa zinamvuka njiani bila kujua. Alinunua raba zenye kufunga. Kila jioni hukagua nyayo kwa kioo kidogo cha mkononi, na kabla ya kuvaa viatu hupitisha mkono ndani kutafuta jiwe au sindano. Kwa fundi, sindano ni hatari ya kila siku.

Kwa moto wa usiku tulianza amitriptilini miligramu 10, baada ya wiki mbili tukapanda hadi 25. Kabla ya hapo tuliuliza juu ya moyo, presha ya macho na shida ya mkojo, kwa kuwa dawa hii ina madhara yake huko. Wiki za kwanza alilalamikia kinywa kukauka na uzito wa asubuhi. Uzito huo wa asubuhi ulipungua alipohamisha kidonge kutoka saa ya kulala hadi mara tu baada ya sala ya isha.

Insulini ya usiku iliongezwa, dozi ikipandishwa kidogo kidogo kwa makusudi: sukari iliyokaa juu muda mrefu ikishushwa ghafla, neva zinaweza kuuma zaidi kwa muda. Tulimpa pia sindano za vitamini B12. Metfomini ikitumiwa miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wa vitamini hiyo, na upungufu wake peke yake unaharibu neva. Maabara yetu haipimi B12, kwa hiyo tulitibu kwa kukisia, na faili linasema hivyo.

Cherehani ndiyo iliyotusumbua akili, na mimi naihesabu kuwa sehemu ya matibabu. Bi. M. alitaka mguu wake wa kukanyagia, nasi hatukuwa nao wa kumpa. Mtaalamu wa fiziotherapia alimjaribisha kukanyaga kwa kisigino. Alichoka upesi na kidonda kilikuwa bado kibichi. Wazo lililofaa lilitoka kwa Bi. M. mwenyewe: kichwa kile kile cha cherehani kifungwe mkono wa kuzungushia. Fundi wa mashine alimfungia kwa fedha alizokopa kwenye kikoba chake. Ni polepole, na kwa kuwa mkono mmoja tu ndio unaobaki kuongoza kitambaa, hawezi tena kazi ya kola na mikono ya magauni. Pindo na mashuka anaweza.

Matokeo

Kidonda kilifunga wiki ya tisa tangu kuungua. Miezi minne baada ya kuungua, sukari kabla ya kula ilikuwa 8.2. PHQ-9 ilishuka hadi 6. Kulala usiku kucha kulipanda kutoka 2 hadi 7, na cherehani kutoka 1 hadi 5. Tahiyatu ilibaki 3, lakini alituambia tusiihangaikie: siku hizi huswali ameketi kwenye kiti, na moyo wake umetulia. EQ-5D-5L ilisomeka 3-1-3-3-2, na mstarini akaonyesha 65.

Hapo ndipo ripoti ya kliniki ilipokwama. Ripoti hulinganisha alama ya kwanza na ya mwisho. Kutoka 80 hadi 65, Bi. M. aliorodheshwa kati ya waliozorota, wakati sisi sote tulimwona ameingia kwa miguu yake na amelala usiku. Mwenzetu wa takwimu, kwa nia njema kabisa, alishauri 80 ifutwe na 45 ndiyo iwe ya kwanza.

Tulimuuliza mwenyewe: ukiikumbuka siku ile ya kwanza kabisa, leo ungeipa ngapi?

"Arobaini," alisema. "Ile niliyowapa ilikuwa themanini ya adabu."

Hatukuifuta. Faili lake lina 80, 45, 65, na pembeni 40 ya kukumbuka, kila moja na maelezo ya ilivyopatikana: nani aliuliza, wapi, nani alikuwepo. Kuifuta kungeficha kosa letu, na wako wagonjwa wengine wengi wenye themanini kama hizo kwenye kabati lile. Hiyo 40 nayo siitegemei peke yake, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu hutiwa rangi na hali aliyo nayo leo.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa la dodoso. Nilifanya alama ya ubora wa maisha kuwa mlango wa kuingilia kwenye uchunguzi wa miguu. Kwa neva zilizoharibika hilo ni kosa la hatari, kwa sababu kadiri hisia zinavyokufa ndivyo mguu unavyonyamaza. Mguu usiolalamika kabisa unaweza kuwa ndio ulio karibu zaidi na kidonda, na mwenye mguu huo anaweza kujaza fomu nzuri kwa ukweli wake wote. Sasa kila mgonjwa wa kisukari anapimwa miguu angalau mara moja kwa mwaka, awe ameandika 30 au 100. Tulifundisha wauguzi wengine watatu kutumia uzi ule. Ilichukua mchana mmoja. Ningeweza kufanya hivyo kabla ya Bi. M. kuungua.

La pili ni lugha yetu. Kwetu mtu hajibu salamu kwa shida zake. Hata msibani utaulizwa habari, utajibu njema, ndipo utasema ulilo nalo. "Hujambo" inataka "sijambo". Dodoso letu lilisomwa kwa mdomo, likabandikwa mkiani mwa salamu, bila pumzi katikati, na Bi. M. akaendelea kujibu salamu mpaka mwisho wa ukurasa. Niliposikiliza wagonjwa wengine baada ya hapo, niliona kuna neno ambalo ukweli husubiri nyuma yake: "ila". Njema, ila usiku. Hatujambo, ila huu mguu. Muuguzi mwenye haraka huandika "njema" na kufunua ukurasa kabla "ila" haijafika. Nimewaomba wenzangu wahesabu kimya kimya mpaka tano baada ya jibu la kwanza, na fomu zetu sasa zina nafasi pembeni ya kuandika kinachofuata "ila" kwa maneno ya mgonjwa.

Neno "maumivu" nalo linahitaji wenzake. Kwa wagonjwa wetu wengi, kuwaka moto, ganzi, kuchomwa sindano na sisimizi havimo ndani ya neno hilo. Maandishi ya dodoso hatuyabadilishi, maana yakibadilishwa matokeo hayalinganishiki tena na ya wengine. Tunachofanya ni kuuliza habari za moto na ganzi kabla, ili mgonjwa akifika kwenye swali la maumivu awe anajua nayo yanahesabika.

Shughuli tatu za kujichagulia zilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Zilituonyesha mahali pa kuweka nguvu, na bila hizo sidhani kama kuna daktari angeuliza habari za kanyagio. Udhaifu wake ni kwamba 5 ya Bi. M. kwenye cherehani haiwezi kulinganishwa na 5 ya mvuvi kwenye kuvuta nyavu, na mtu akipata njia ya kuishi bila shughuli fulani, kama ilivyokuwa kwa tahiyatu, alama hubaki chini huku mzigo umeondoka. Kwa hiyo EQ-5D-5L tumebaki nayo, na hizi tatu zinakaa kando yake.

Kushuka kwa PHQ-9 nakusoma kwa tahadhari. Baadhi ya maswali yake ni ya usingizi na uchovu, na mtu anayesimama kwenye saruji usiku kucha atapata alama hizo hata kama moyo wake ni mkunjufu. Sehemu ya nafuu yake ilikuwa usingizi. Sehemu nyingine, kwa maneno yake, ilikuwa kusikia daktari akisema mbele ya binti yake kwamba mguu haukatwi. Tulilisema hilo wiki ya saba. Lingesemwa siku ya kwanza, labda fomu ya kwanza ingekuwa nyingine.

Pasi ya mkaa bado ipo. Umeme haujafika nyumbani kwake, na EQ-5D-5L haina swali la mambo hayo. WHOQOL-BREF linalo eneo zima la mazingira. Mkaa sasa unapakiwa na binti, na pasi inapigwa juu ya meza yenye karai la mchanga chini yake.

Mara ya mwisho nilipomwona, nilimsalimia mwenyewe, nikamuuliza habari za miguu.

"Njema, mwanangu. Usiku nalala."

Nikasubiri.

"Ila sindano, siku hizi inanidondoka mkononi, sijui imeanguka lini."

Mikono yake yote miwili ilipimwa siku hiyo hiyo.